Naomba ushauri: saa ya Royal Oak ya dhahabu iliyopigwa polishi, niichukue?

Wakuu, nimepata nafasi ya kununua Audemars Piguet Royal Oak ya zamani, modeli 5402BA, dhahabu ya karati 18. Naipenda kweli. Ni mchoro uleule wa mbunifu wa saa Gérald Genta uliotoka mwaka 1972, upana wa milimita 39, na ndani mna mashine ya 2121 inayojijaza yenyewe, yenye unene wa milimita 3.05 tu.

Kinachonitatiza ni kasha. Uzuri wa saa hii uko kwenye kingo, pale sehemu yenye mistari myembamba inapokutana na ukanda unaong'aa. Hii imepigwa polishi mpaka pembe nane za fremu inayozunguka kioo zimelainika kama sabuni iliyotumika. Dhahabu ikishakwanguliwa hairudi. Wapo mafundi wanaojaza kwa leza na kuchonga upya kingo, lakini je, mkusanyaji makini ataihesabu bado kuwa ya asili? Mimi naona afadhali kasha lililochoka kuliko lililochongwa upya. Nisahihisheni.

Uso wenye viraba vidogo unaonekana haujaguswa. Bangili imelegea kiasi, hilo halinisumbui.

Jambo jingine: kasha hili halina mfuniko wa nyuma, mashine hutolewa kwa mbele baada ya kufungua skrubu nane. Muuzaji hataki ifunguliwe kabla ya malipo, na makaratasi hana. Nishikilie ifunguliwe mbele ya fundi wangu tulinganishe namba za kasha na za mashine, au niachane nayo kabisa? Waliowahi kununua toleo hili, naombeni msaada.