Je, mwenye huruma anaweza kuwa mkali?

Mwalimu, Arua: Ndugu zangu, katika darasa langu la sita yupo mvulana ambaye, mwenzake alipoanguka na kuchubuka goti, alimfunga jeraha kwa leso yake mwenyewe, siku mbili baadaye akampiga ngumi mtoto mwingine kwa sababu ya kalamu. Je, huruma haizuii ukali?

Jibu, Mbale: Mwalimu, mambo hayo mawili hayapimwi kwa mzani mmoja. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1981, mwanasaikolojia Daniel Batson na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba watu waliomhurumia kwa dhati mwanamke waliyeamini anapigwa mishtuko ya umeme walijitolea kuchukua nafasi yake, hata pale walipokuwa na njia rahisi ya kuondoka. Kwa ukali, uhusiano ni hafifu mno: uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2014 ulikuta kwamba huruma inaeleza takriban asilimia 1 tu ya tofauti za ukali baina ya watu. Hata mimi nilitegemea zaidi.

Jibu, Kampala: Naongeza kwamba wakati mwingine huruma yenyewe huchochea ugomvi. Kwenye steji yetu ya bodaboda, mwenzetu alipogongwa, waliomwinua taratibu na kumpangusa damu ndio hao hao waliogeuka kumvamia dereva.

Mwalimu, Arua: Asanteni. Kumbe nilikuwa nikimhubiria huruma aliyokwisha kuwa nayo. Kesho nitamuuliza alihisi nini kabla hajakunja ngumi.