Hadi diski (hard disk) yenye Windows nikiihamishia kompyuta nyingine itawaka?

mchapaji_mbagala
Wakuu habari zenu. Nina steshenari Mbagala, desktopu yangu ya zamani ina prosesa i3 kizazi cha 3, hadi diski GB 500, Windows 10 Pro. Nimepata nyingine ya mtumba, i5 kizazi cha 8, ina Windows yake kwenye SSD ndogo (diski ya kisasa yenye kasi). Nikichomoa hadi diski ya zamani nikaichomeka huku itawaka na kila kitu kama kilivyo? Kuna programu ya stoku na madeni ya wateja, aliyeniwekea kahama mji na CD yake sina, nahitaji msaada wenu sana.

nyaya_tupu
Mkuu kuwaka inaweza, Windows 10 ikikuta mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ngeni inatafuta drayva zake (programu za kuendesha vifaa) yenyewe, iache imalize hata ikichelewa. Ishu iko kwenye bayosi (BIOS, setingi za mashine zinazoanza kabla ya Windows). Diski ya mashine ya umri huo mara nyingi imepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR na inawaka kwa njia ya zamani ya Legacy, hiyo i5 imezoea njia mpya ya UEFI na mpangilio mpya wa GPT, kwa hiyo ukichomeka hivihivi inaweza kukwambia haioni cha kuwakia. Ndani ya Windows kuna zana inaitwa mbr2gpt, inabadilisha bila kufuta data, ila usiiguse kabla ya bekapu. Halafu angalia humohumo bayosini SATA (njia ya kuunganisha diski) imesetiwa AHCI au RAID (namna mbili za mashine kuongea na diski), desktopu nyingi za maofisini zinakuja na RAID, diski yako ikiikuta hiyo unapigwa skrini ya bluu INACCESSIBLE BOOT DEVICE, watu wanadhani diski imekufa kumbe ni setingi tu.

Bi_Kebo
Mimi ningekushauri usihamishe Windows, hamisha kazi zako. Hadi diski ya miaka hiyo ukiifanya ndiyo ya kuwashia, i5 nzima itakuwa polepole ikiisubiri yenyewe. Acha SSD iwashe, hadi diski ichomeke kama ya pili kwa waya wa SATA, ingia folda yake ya Users, ikikwambia huna ruhusa bonyeza Continue. Kabla ya kuchomoa hakikisha BitLocker (kufuli ya Windows inayofunga data za diski) haijawashwa, kama imewashwa andika ile rikavari kii (ufunguo wa kuifungulia) ya tarakimu 48 kwenye daftari. Na Windows 10 sapoti yake ya kawaida iliisha 14 Oktoba 2025, i5 ya kizazi cha 8 inapokea Windows 11.

mchapaji_mbagala
Asanteni sana. Bi Kebo, na ile programu ya madeni nikikopi folda lake itafunguka?

Bi_Kebo
Mara nyingi hapana kaka, vitu vyake vingine viko kwenye rejista ya Windows (inapotunza setingi za programu). Fanya hivi: ukiwa bado kwenye mashine ya zamani, pakua Disk2vhd, ni ya bure ya Microsoft wenyewe, inaigeuza diski nzima kuwa faili moja. Toa tiki kwenye Vhdx ili faili litoke la aina ya VHD, ihifadhi kwenye diski ya nje yenye nafasi. Kwenye i5 weka VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, faili hilo ulifungulie humo, Windows yako ya zamani inawaka ndani ya dirisha na programu ya madeni imo. RAM iwe angalau GB 8.

nyaya_tupu
Naunga mkono hiyo ya VirtualBox. Ila anza na CrystalDiskInfo (programu ya kupima afya ya diski), ikikuonyesha Caution, yaani tahadhari, kopi kwanza madeni na barua za watu kwenye flashi, ndo uje kwenye Disk2vhd, maana itaisoma diski nzima na iliyochoka inaweza kukatikia katikati.

mchapaji_mbagala
Nimeicheki sasa hivi, inasoma Good. Flashi nimeshachomeka, naanza na folda la madeni.