Tupeane uzoefu: Mawaridi ya kichaka yanayoleta nyuki bustanini

Tumba_Bichi (mwenye uzi)

Wakuu, habarini. Uzi huu ni wa wale wenye mawaridi nyumbani, hasa ya kichaka, siyo yale ya kukata na kuweka kwenye chombo cha maua. Naanza mimi ili msione nawatega.

Nilikuwa na vichaka sita, vyote vya yale maua yaliyofungana kama kabichi. Kila anayepita anasifia. Asubuhi moja nimekaa kibarazani nikaona nyuki anatua juu ya ua, anazunguka petali kama mgeni asiyejua mlango uko upande gani, kisha huyo, kaenda zake. Akaja wa pili, hivyo hivyo. Kando ya ukuta kulikuwa na magugu yenye vimaua ambavyo hata jina sivijui, na huko ndiko walikokuwa wamejazana. Nikaona aibu kidogo, siwafichi.

Nikachuma ua moja nikalichana kwa ukucha, petali moja moja mpaka kiini. Kule ndani kabisa nikakuta vitu vya ajabu: vipetali vidogo vilivyojikunja, vingine vina kivimbe cha manjano cha chavua, ule unga wa ua, kwenye ncha. Nusu stameni (vile vijiti vya katikati ya ua vinavyobeba chavua), nusu petali. Kumbe ndivyo yalivyopatikana haya maua manene: wazalishaji wamechagua, kizazi baada ya kizazi, mimea ambayo stameni zake zimegeuka petali. Chavua iliyobaki ni ya kutafuta, na imefungiwa. Waridi la porini kwa kawaida lina petali tano tu, na katikati stameni zimetandazwa wazi kama sinia.

Nikang'oa vitatu. Mahali pake nikapanda waridi aina ya 'Ballerina', lenye vishada vya maua madogo ya rangi ya waridi na jicho jeupe, pamoja na 'Mutabilis'. Hili la pili linafunguka manjano yaliyofifia, linageuka rangi ya waridi, linamalizia jekundu la kuiva. Kwenye kichaka kimoja utadhani kuna mimea mitatu. Ua la kwanza lilifunguka, siku ya pili yake nyuki walikuwepo.

Haya, nanyi leteni yenu. Na mliofeli msijifiche, hao ndio nawahitaji zaidi.

Shamba_Dogo

Mkuu, mimi nilipanda ya petali tano nikitegemea vipepeo. Nyuki kibao, kipepeo hata mmoja hakai. Tatizo nini?

Mama_Mboji

@Shamba_Dogo tatizo hakuna, kijana wangu. Mawaridi mengi hayana nekta, yale maji matamu ya ua, ya maana, mengine hayana kabisa. Nyuki wanafuata chavua, ndiyo chakula cha kulelea watoto wao. Kipepeo anataka kitu cha kufyonza, akifika kwenye waridi anakuta jiko halijawashwa. Ukitaka vipepeo changanya na mimea mingine yenye nekta. Usililaumu waridi kwa kazi ambayo haikuwa yake.

Na nikushauri: kaangalie mapema asubuhi. Maua mapya yakishafunguka chavua inakombwa haraka. Ukitoka saa sita unaweza kusema nyuki hawaji, kumbe wameshamaliza wakaondoka.

Fundi_wa_Miiba

Yangu ni ya kuchekesha. Nilinunua waridi jekundu zito kwenye kitalu fulani, limebebeshwa juu ya shina la waridi jingine, kama yalivyo mengi yanayouzwa. Mwaka wa kwanza safi. Mwaka wa pili pakatoka chipukizi nene kutoka chini kabisa ya pale palipobebeshwa. Nikafurahi, nikasema mmea umepata nguvu! Nikalimwagilia, nikaliwekea mboji, hata kijiti cha kuegemea nikalipa. Lilipochanua, maua meupe madogo vishada kwa vishada, na lile jekundu langu limebaki vijiti viwili vikavu.

Mtu anayejua akanionyesha majani: kwenye kila kikonyo vijani saba mpaka tisa, na pale kikonyo kinaposhikana na tawi kuna kitu kama ndevu ndevu. Akasema hiyo ni Rosa multiflora, shina la kubebeshea. Nimelea yaya, mtoto kafa.

Lakini wakuu, lile shina lilipochanua sijawahi kuona nyuki namna ile. Kichaka kizima kinalia. Nimeliacha hadi leo, ila matunda yake nayakata mapema kabla ndege hawajayasambaza, maana multiflora ni mvamizi mbaya. Kule Marekani waliipanda kama uzio wa kuzunguka mashamba, ikawatoroka, leo majimbo kadhaa yameiweka kwenye orodha ya magugu hatari. Kwa hiyo sikushauri uitafute. Anayetaka waridi lake libaki lilivyo, chipukizi la chini ya ubebesho aling'oe kwa mkono angali dogo. Ukilikata kwa mkasi linarudi na ndugu zake.

Tumba_Bichi

"Nimelea yaya" 😂 Mkuu umeniua.

Pogoa_Taratibu

Mimi nakuja na kosa, tena bado linaniuma.

Niliona majani ya waridi yamekatwa pembeni, miduara safi kabisa kama mtu kapitisha kitoboleo cha karatasi. Nikajua viwavi. Nikapiga dawa jioni, nikarudia wiki iliyofuata. Viwavi sikuona, hai wala maiti. Miezi baadaye nasafisha kipande cha mpira wa maji kilichokuwa kimelala juu ya rafu, hakipitishi maji. Nikakipasua. Ndani kuna kitu kama sigara ya kijani iliyokauka, vipande vya majani ya waridi vimeviringishwa kimoja juu ya kingine, vyumba vyumba, na kila chumba kimezibwa kwa vipande vya duara. Ndani ya kila chumba, bonge la chavua lililokauka, na mabuu yaliyokufa.

Alikuwa nyuki mkata majani. Hali jani, anajengea tu. Waridi halidhuriki, linachipua kama kawaida. Na yeye ndiye mchavushaji niliyekuwa nahangaika kumleta. Siwezi kuapa kwamba ni dawa yangu iliyowaua, lakini nani mwingine?

Siku hizi jani likiwa na tundu la duara naonyesha wageni kwa fahari.

Mama_Mboji

@Pogoa_Taratibu pole mwanangu. Na hapo hapo niwaonye wengine: kuna dawa za wadudu ambazo mmea unazinywa, zinapanda mpaka kwenye chavua yenyewe. Neonikotinoidi ni kundi mojawapo. Umoja wa Ulaya ulizuia tatu kati yake zisitumike nje mwaka 2018, kwa sababu ya nyuki. Ukinunua mche uliotunzwa kwa dawa hizo unaweza kuwa unawapandia nyuki sumu huku unajisifu. Ulizeni kabla ya kununua. Muuzaji akibabaika, ondokeni.

Kiza_Kinene

Sasa bila dawa, wadudu mafuta, vile vidudu vinavyofyonza utomvu, tunawafanyaje? Maana kwangu matumba yote yamefunikwa.

Fundi_wa_Miiba

Vidole, mkuu. Au maji ya mpira yenye nguvu, asubuhi, siku tatu mfululizo. Halafu subiri. Wale nzi wa maua wenye mistari kama nyigu wanakula chavua wakiwa wakubwa, ila watoto wa jamii nyingi kati yao wanakula wadudu mafuta. Ukiua wadudu mafuta wote leo, nzi hana sababu ya kutaga kwako.

Madoa meusi ya majani ni jambo jingine, ule ni ukungu na unapenda jani lililolowa saa nyingi. Mwagilia shinani, usimwagilie jioni, okota majani yaliyoanguka. Basi.

Kiza_Kinene

Siku tatu mfululizo kuamka kuosha maua. Haya, nitajaribu, ila sijashawishika.

Pwani_Kame

Udongo wangu ni mchanga na upepo una chumvi, kila waridi lilikufa isipokuwa Rosa rugosa. Inatokea pwani za Asia Mashariki, majani yake yamekunjamana kama ngozi ya mzee, maua mapana yenye harufu, matunda mekundu manene. Tahadhari mbili. Usiipige dawa, hata ya ukungu, majani yanaungua. Na inatambaa chini kwa chini: kwenye fukwe za Ulaya ya kaskazini imevamia matuta ya mchanga na kuziba mimea ya asili. Mimi nimeizungushia bati ardhini. Kama una pori la asili jirani, achana nayo.

Shamba_Dogo

Kwani hakuna waridi la Afrika?

Tumba_Bichi

Lipo, Rosa abyssinica. Linaota lenyewe Ethiopia na nchi za jirani, hata ng'ambo Yemen. Meupe, petali tano. Mwenye nalo atuambie, mimi nimelisoma tu.

Sikio_la_Bustani

Niongeze moja. Macho yangu si mazuri tena, bustani naisikiliza zaidi kuliko kuiona. Nyuki wa asali akiwa kwenye waridi, mlio wake ni ule ule. Lakini kuna wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Mmoja akitua kwenye waridi langu la 'Golden Wings', mlio unakatika kabisa, nusu sekunde kimya, halafu unatoka mwembamba, wa juu, kama mbu aliyeingia kwenye chupa. Mjukuu wangu ndiye aliyeniambia kinachotokea: anakumbatia stameni kwa miguu, mabawa ameyakunja, anatetemesha misuli ya kifua chavua imwagike. Nyuki wa asali hana ufundi huo, anakwangua tu.

Swali langu: nikikata maua yaliyochakaa linachanua tena haraka, ila nakosa matunda. Nyie mnafanyaje?

Mama_Mboji

Mzee wangu, shikamoo. Mimi nakata mpaka nione mzunguko wa mwisho umeanza, hapo naweka mkasi chini, matunda ni ya ndege. Ila kama lako ni la kuchanua mara moja kwa mwaka usikate kitu, hutapata ua jingine, utakosa vyote viwili.