Krambo ya Jumapili: mapichi ya Kabale, maembe au nanasi?

MamaZ_Bombo: Salamu wapendwa. Jumapili nina wageni, nataka kuoka krambo, matunda chini na unga uliofikichwa kwa siagi na sukari juu. Soko la Nakasero, hapa Kampala, nimekuta mapichi ya Kabale, magumu kidogo lakini yananukia. Maembe yapo, nanasi la Kayunga lipo. Ninunue lipi? Kesho asubuhi naingia sokoni.

Jirani_Kalerwe: Dada, wageni wangapi? Na unaoka kwenye nini, oveni au sigiri? Bila hayo tutakupoteza.

KijanaWaArua: Embe tu. Chukua lile gumu lililoanza kugeuka rangi, maana lililoiva sana linakuwa rojo. Kamulia ndimu, lisikinaishe.

BintiMvita: Kwetu Mombasa hayo ni mafyulisi, jamani. Mapichi ni nini?

Jirani_Kalerwe: Hapa Kampala ukisema fyulisi muuzaji atakutazama tu. Sema pichi.

BintiMvita: Neno la Kiswahili lipo, kwa nini tuliache life?

Mwalimu_Kigezi: Turudi jikoni. Mapichi yanataka baridi, ndiyo maana yanakubali kwetu Kabale milimani. Mengi ni madogo na nyama imeng'ang'ania kokwa, kwa hiyo usitegemee kuyapasua nusu kwa nusu kama yale ya kopo. Kata vipande ukiizunguka kokwa. Kumenya: chora msalaba kitakoni, tumbukiza kwenye maji yanayochemka nusu dakika, kisha maji baridi. Ganda linabanduka lenyewe. Likigoma, bado bichi. Yafunge kwenye mfuko wa karatasi siku mbili.

MamaPacha_Mbale: Dada, nisikilize mimi. Mwaka juzi niliwaokea wakwe zangu. Mapichi kilo mbili, nikayamwagia sukari asubuhi, nikayaacha mpaka mchana. Yakatoa maji, nami nikayamimina yote kwenye trei. Siagi nayo niliiyeyusha badala ya kuifikicha ikiwa baridi. Dakika ya ishirini umeme ukakatika. Uliporudi, unga ulikuwa umezama, mafuta yanaelea juu. Mama mkwe alionja kijiko kimoja, akakilaza taratibu pembeni ya sahani, akaomba chai. Mlio wa kile kijiko ninausikia hadi leo. Siku hizi sukari naitia dakika za mwisho. Maji yakitoka nayachuja, nayachemsha na kijiko cha wanga wa mahindi mpaka yashike, ndipo nayarudisha.

Jirani_Kalerwe: Pole sana, mama. Umeme hauna adabu siku ya wageni.

MamaZ_Bombo: Poleni kwa kuwachelewesha. Wageni kumi na wawili. Oveni sina, nina sufuria kubwa na sigiri.

Fundi_Katwe: Ungeanza na hilo, dada! Tandaza mchanga mkavu wa vidole viwili chini ya sufuria, weka trei juu yake, funika kwa mfuniko bapa. Mkaa mwingi uwe juu ya mfuniko, chini uwe kidogo. Ukigeuza, matunda yataungua na unga utabaki mbichi. Dakika 45 hivi, na usifunuefunue.

KijanaWaArua: Unga vikombe viwili, siagi kimoja, sukari kimoja. Trei yako ikiwa kubwa, zidisha.

MamaPacha_Mbale: Sukari nusu kikombe inatosha kabisa!

KijanaWaArua: Kwa embe, sawa. Kwa pichi gumu, hapana.

BintiMvita: Na iliki msisahau.

Mwalimu_Kigezi: Iliki itaua harufu ya pichi. Mdalasini, tena kidogo.

BintiMvita: Mwalimu, umewahi kuijaribu?

MamaZ_Bombo: Niko Nakasero sasa. Mapichi yamebaki beseni moja, nusu yamepondeka. Nikichanganya na embe?

KijanaWaArua: Changanya.

Mwalimu_Kigezi: Usichanganye, embe litaimeza ladha ya pichi. Pondeka siyo kuoza, kata palipoharibika.

Fundi_Katwe: Mchanga umeshapata? Uoshe, uanike leo.