Majina ya mwanzo kwenye filamu ya taharuki: mistari, vitu vya karibu, au picha iliyotulia?

Kitasa

Wakuu, habari za jioni. Nina filamu fupi ya dakika 18 tuliyoshuti Tanga. Ni ya taharuki: dada mmoja amepanga chumba, na siku zinavyokwenda anaanza kuhisi kuna mtu anaingia ndani yeye akiwa kazini. Haibiwi kitu. Kiti kimesogea kidogo, maji ya ndoo yamepungua, kanga aliyoiacha kitandani ameikuta imekunjwa. Uhariri umekwisha, yamebaki majina ya mwanzo, yale ya waigizaji na watengenezaji yanayopita filamu ikianza, na hapo nimekwama wiki nzima. Nataka jina la mwisho likipita, mtazamaji awe ameshakosa raha bila kuonyeshwa tukio lolote.

Nimetengeneza majaribio matatu. La kwanza ni mistari na herufi tu, kwa njia ya Saul Bass, mbunifu wa majina ya filamu, kwenye Psycho ya 1960. Asiyeikumbuka: mistari inaichoma skrini kutoka pembeni, juu na chini, na majina yanaingia yamekatwa vipande. Vipande vinaungana kidogo upate kusoma, kisha vinaachana tena. La pili ni vitu kwa karibu, kama alivyofanya Kyle Cooper kwenye Se7en ya 1995. Mimi nimeshuti mkono unaokandamiza ufunguo kwenye sabuni ya mche, alama inabaki, kisha tupa inachonga ufunguo mpya. La tatu ni picha moja iliyotulia: korido, mlango wa dada, kufuli, dakika 2 nzima. Hilo nimelitoa kwenye Caché ya Michael Haneke, 2005.

Moyo wangu uko kwenye la pili, ndilo lenye picha nzuri. Mwenzangu tuliyeandika naye hadithi analikataa kabisa. Nyie mngechagua lipi?

MwanaRili

Hongera kwa kufika hapo, mkuu. Mimi niko upande wa mwenzako.

Kwenye Se7en tunaona nini? Ngozi ya vidole inayonyolewa kwa wembe, uzi unaoshona daftari, picha zinazokatwa, maneno yanayofutwa kwa wino. Majina yenyewe yamekwaruzwa kwa mkono na yanatetemeka kama kuna kitu kimeharibika kwenye mkanda. Mikono ile ina kazi nyingi na ina subira, ila huwezi kusema inaandaa nini. Na angalia ilikowekwa. Mwongozaji, David Fincher, hakuanzia hapo. Kwanza tunakutana na mpelelezi, tunamwona kitandani usiku na kile kifaa kinachohesabu mapigo, ndipo majina yanaingia. Tumeshamjua anayetafuta, sasa tunapewa mikono ya atakayetafutwa, uso hatupewi. Hata jina la mwigizaji wake, Kevin Spacey, halimo kwenye majina ya mwanzo.

Sabuni yako inasema kila kitu. Aliyekulia nyumba ya kupanga anajua ufunguo kwenye sabuni maana yake nini. Sekunde ya 10 nimeshajua kuna ufunguo wa pili, halafu unaniomba nusu ya filamu nijiulize pamoja na dada kama kweli kuna anayeingia. Sitajiuliza. Nitakuwa namsubiri yeye agundue.

Binti Pangani

Kaka MwanaRili, hapo tusiende haraka. Kumsubiri mtu agundue unachokijua tayari, kwangu ndiyo taharuki yenyewe. Alfred Hitchcock, mwongozaji wa Psycho, alilieleza hili kwa mfano wa bomu chini ya meza: watu wakikaa wanapiga soga na bomu likalipuka ghafla, unashtuka mara moja. Ukionyeshwa bomu kwanza, mazungumzo yale yale ya kawaida yanakutoa jasho. Kwa hiyo sabuni inaweza kuwa bomu la Kitasa. Kila dada akiweka mkoba chini na kuvua viatu, mimi nawaza ufunguo ule.

Swali kwa Kitasa: filamu yako inataka tumwogopee huyu dada, au tuwe na shaka naye? Majina yatafuata jibu hilo.

Kitasa

Tuwe na shaka naye, dada. Hadi dakika ya 11 jirani zake wanamwambia ni uchovu, na nataka mtazamaji naye akaribie kuwaamini.

Binti Pangani

Basi nimeshindwa kwa haki. Toa sabuni.

FundiSauti

Wadau, mnazungumza picha tu. Jaribuni kuitazama Psycho bila sauti mtakuta mistari safi, mizuri, ambayo ingefaa hata kwa tangazo la benki. Kinachotisha ni muziki wa Bernard Herrmann. Muziki wote wa filamu ile ni vyombo vya nyuzi peke yake, hakuna tarumbeta, hakuna ngoma, na pale mwanzo nyuzi zinakatwakatwa kwa kasi kama mtu anayekimbia bila kujua anakimbilia wapi. Mistari ya Bass inakwenda na mikato hiyo. Kitasa, ukichukua mistari bila nyuzi zile umechukua nusu, tena nusu nyepesi.

Kwa wenye bajeti ndogo kama sisi, mfano bora kwangu ni Halloween ya John Carpenter, 1978. Boga lililochongwa uso, lina taa ndani, kamera inalisogelea polepole, majina yamekaa pembeni. Basi. Kazi imefanywa na piano aliyoitunga Carpenter mwenyewe, na siri yake iko kwenye hesabu: mapigo yanakwenda 5. Nyimbo nyingi masikioni mwetu zinakwenda 4, chakacha hapa Mombasa inakwenda 6, mwili unajua mguu ushuke wapi. Kwenye 5, kila ukidhani mzunguko umefunga, kuna pigo limebaki mkononi. Hutambui kwa nini huna raha, lakini huna.

Ushauri wangu: chukua mlango wako uliotulia, usiweke muziki wowote, weka ile tupa. Mlio tu. Tusione mkono, tusione sabuni.

Mzee wa Kibanda

Vijana, nimefurahi kuusoma uzi huu. Mimi nilijifunza sinema kwenye vibanda vya video, na kule majina ya mwanzo yalikuwa wakati wa mtafsiri kusalimia watu na kueleza nani ni nani. Nyuzi za Herrmann nilizisikia ukubwani, kwa spika za masikioni, peke yangu, na nililazimika kusimamisha filamu nikanywe maji.

Nataka kuongeza moja ambayo hamjaitaja, The Shining ya Stanley Kubrick, 1980. Gari dogo la njano linapanda milima, limepigwa kutoka kwenye helikopta. Picha zilichukuliwa Glacier, mbuga ya taifa kule Montana, na ni nchi nzuri kuitazama, jua limetoka, ziwa limetulia. Lakini muziki wa Wendy Carlos na Rachel Elkind umejengwa juu ya Dies Irae, wimbo wa Kilatini wa zama za kati wa kuombea wafu. Unaangalia matembezi ya familia, unasikia mazishi. Kisha kuna pahala helikopta inalifikia gari, inaonekana kama italifuata, halafu inaliacha na kupita juu ya bonde. Kwa sekunde ile unajiuliza: ni nani aliyekuwa anatazama? Si dereva wa gari jingine, hakuna barabara huko.

Na majina yanapanda kutoka chini kwenda juu kwa mwendo mmoja, kama majina ya mwisho wa filamu. Safari haijaanza, maandishi yanakwambia imekwisha.

Mtazamaji anaposoma majina huwa amejiamini. Anajua hakuna jambo linalotokea wakati huo, ni orodha tu. Mlango wake uko wazi pale. Mimi nakubaliana na FundiSauti: pitisha tupa hapo.

Dada Mhariri

Shikamoo Mzee. Naomba niongeze mambo ya mezani, maana Kitasa anataka kwenda kuhariri.

Urefu kwanza. Dakika 2 kwenye filamu ya dakika 18 ni sehemu moja ya tisa. Majina ya Psycho yanakaribia dakika 2, ila filamu yenyewe inapita dakika 100. Una majina mangapi? Ukiwa nayo 9 na kila moja likakaa sekunde 4, ni sekunde 36. Usizidishe 45.

Pili, Caché. Herufi zake ni ndogo mno, zinajichapa moja moja juu ya picha ya mtaa wa Paris hadi zinajaa kama ukurasa. Kwenye ukumbi ni sawa. Watazamaji wako watakuwa na simu, tena pengine kwenye daladala. Fanya herufi kubwa, ziweke mbali na kufuli.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma. Utulivu wa Caché haukuwa utulivu wa bure. Baadaye tunasikia sauti za mume na mke wakizungumza juu ya ile picha, kisha inarudishwa nyuma kwa kasi, na kumbe muda wote tulikuwa tunaangalia mkanda uliopigwa na mtu aliyesimama mbele ya nyumba yao. Utulivu ule ulikuwa jicho la mtu. Kamera yako ya korido iko wapi? Kama iko katikati, kwenye tripodi, kimo cha kifua, hiyo ni picha ya mlango. Nipe picha ya mtu anayeutazama mlango.

Kitasa

Iko katikati, dada, kama ulivyosema. Ila kuna teki moja niliyoitupa: kamera ilikuwa uani nyuma ya kamba ya nguo, shuka linapita mbele ya lenzi upepo ukivuma. Niliiacha kwa sababu nusu ya fremu inazibwa. Nakwenda kuitafuta usiku huu.

MwanaRili

Shuka hilo hilo liache lizibe. Jina liingie mlango ukiwa umefunikwa, na shuka likiondoka jina liwe limeshatoka.

Kitasa

Wakuu, narudi na majibu. Ni sekunde 41. Shuka linapita mara tatu. Tupa nimeirekodi upya kwenye karakana ya fundi, nikaishusha hadi ikawa chini kidogo ya kuku na redio ya jirani, na FundiSauti, nimeikata isifuate mpangilio: inasugua nne, inanyamaza, inasugua mbili, inanyamaza muda mrefu. Jina la mwisho linaingia kwenye ukimya ule. Sabuni nimeihamishia dakika ya 12.

Jana nimemwonyesha mama kwenye simu, sikumwambia chochote. Alikuwa anasoma majina kwa sauti, moja moja, anatafuta langu. Kwenye la sita akanyamaza, akainua macho akaangalia dirisha la jikoni, akaniuliza, "Nani huyo anapiga tupa saa hizi?"