Tembo wakichanjwa wasizae, mbona ndama bado wanazaliwa?

Msaka_Elimu: Habari wakuu. Nasomea wanyamapori. Kule Makalali, Afrika Kusini, walianza kuwachoma tembo majike chanjo ya kuzuia mimba mwaka 2000, lakini ndama waliendelea kuzaliwa kwa kama miaka miwili. Chanjo ilifeli? Na fisi akila mzoga wa jike aliyechanjwa, hadhuriki?

Mzee_wa_Daftari: Haikufeli, ndugu yangu. Tembo hubeba mimba miezi 22. Aliyeshika mimba mwezi uliopita ukamchoma leo, atazaa tu, tena ndama mzima. Chanjo haitoi mimba, inazuia inayofuata. Inatokana na protini za utando unaozunguka yai la nguruwe. Mwili wa jike hutengeneza kingamwili dhidi ya protini hizo, na kingamwili zilezile huenda kujibandika kwenye mayai yake mwenyewe. Mbegu ya dume ikifika, inakuta mlango umefungwa. Jike anaendelea kupata joto na kupandwa kama kawaida. (Kuna chanjo nyingine ya kuzuia mimba, GonaCon; hiyo inazima homoni yenyewe inayoamsha ovari.)

Fisi usimhofie. Ni protini, inameng'enywa kama nyama.

Ugumu uko porini. Nilikaa misimu mitatu na timu iliyokuwa ikiwachoma farasi mwitu chanjo hiihii, kazi yangu ikiwa daftari. Kila jike ana ukurasa wake: doa gani usoni, mguu upi mweupe, kachomwa lini. Mwaka wa kwanza sindano mbili, zikipishana wiki chache, kisha moja kila mwaka. Sindano inafyatuliwa kwa bunduki, inagonga paja, inadondoka. Hapo unainama kwenye majani kuitafuta, uone kama dawa imeingia yote. Kuna majike wawili walifanana kama shilingi kwa ya pili, nikawaandika kama mmoja. Kosa langu nililiona mwaka uliofuata, limesimama kwa miguu minne ubavuni mwa mama yake.

Kiti_Moto: Sasa idadi inapungua lini? Malisho yamegeuka vumbi, nyie mnasubiri kingamwili!

Mzee_wa_Daftari: Hapo una hoja. Farasi wa kisiwa cha Assateague, Marekani, walianza kupewa chanjo kama mpango wa kudumu mwaka 1994. Lengo lilikuwa kubaki na 80 hadi 100, na kulikaribia kulichukua zaidi ya miaka 10. Sababu mojawapo inachekesha: jike asiyezaa na kunyonyesha kila mwaka ananawiri na kuishi zaidi. Kama malisho yameshakwisha, umechelewa. Hamisha baadhi kwanza, uchanje watakaobaki.

Msaka_Elimu: Shukrani, mzee. Tembo je, mnawatofautishaje? Wote wa kijivu.

Mzee_wa_Daftari: Masikio. Angalia matobo na michaniko ya ukingoni. Wakichomwa kutoka kwenye helikopta hakuna muda wa kukagua masikio, kwa hiyo hutumika sindano inayoacha doa la rangi mwilini, usije ukamrudia yuleyule.