Kistari kwenye Kiingereza: wahariri wawili, kila mmoja na lake

mswada_mezani
Wakuu, ripoti moja ya Kiingereza imepitiwa na wahariri wawili. Wa kwanza kaweka kistari kwenye "newly-formed committee", "decision-making process", "re-elected" na "e-mail". Wa pili kavifuta vyote. Ripoti inasomwa Uingereza na Marekani. Nimfuate nani?

kalamu_nyekundu
Usimfuate yeyote moja kwa moja, mkuu. Kiingereza hakina chombo chenye mamlaka juu ya tahajia, kina miongozo tu, na miongozo yenyewe inapishana.

"Newly formed": wa pili yuko sawa. Chicago na Associated Press, miongozo miwili ya uandishi ya Marekani, wote wanakataa kistari baada ya kielezi cha -ly, maana hakuna atakayekosea kinaelezea neno lipi. Ila asifute kila -ly anayoiona. Kwenye "family-owned shop", family ni nomino, kwa hiyo kistari kinabaki.

"Decision-making process": hapo wa kwanza kashinda, kwa kuwa maneno mawili yanafanya kazi ya kivumishi kimoja kabla ya nomino. Yakija baada ya nomino mara nyingi kistari huondoka: "a well-known author", lakini "the author is well known".

"Re-elected": Associated Press waliacha kistari hicho mwaka 2019, Waingereza wengi bado wanacho. "E-mail": Associated Press walihamia "email" mwaka 2011, na huko ndiko wengi walipo sasa.

futa_tu
Mimi nipo upande wa kufuta. Toleo la 2007 la Shorter Oxford English Dictionary liliondoa vistari kwenye maneno kama 16,000: "ice-cream" ikawa "ice cream", "bumble-bee" ikawa "bumblebee". Lugha inaelekea huko. "High school student" nani ataisoma vibaya?

kalamu_nyekundu
Hiyo hakuna, nakubali. Sasa futa kwenye "small-business owner" uone: mwenye biashara ndogo amegeuka mfanyabiashara mfupi. "Re-sign" ni kusaini tena mkataba, "resign" ni kujiuzulu. Kwenye habari za wachezaji hilo ni kosa zito. Na "twenty-four-hour shifts" ni zamu za saa 24, wakati "twenty four-hour shifts" ni zamu 20 za saa nne nne. Kamusi hiyo ilifuta zaidi kwenye nomino, haikukupa ruhusa ya kufuta kwenye vivumishi.

mpanga_kurasa
Mmesahau upande wa kompyuta. Kwenye Word, kistari cha kawaida kinaruhusu mstari kukatika hapo, kwa hiyo "e-" inaweza kubaki peke yake mwishoni. Bonyeza Ctrl+Shift+kistari upate kisichokatika. Ubaya wake ni kwamba ukitafuta kwa kistari cha kawaida huenda usikipate. Kwenye kisanduku cha kutafuta andika ^~.

Na tafadhali, msikate neno kwa mkono mwishoni mwa mstari. Ukiongeza sentensi juu, kistari kinahamia katikati ya mstari na neno linabaki limepasuka. Acha programu ikate, na uweke lugha sahihi kwanza: Wamarekani hukata kwa matamshi, "knowl-edge", Waingereza wa jadi kwa asili ya neno, "know-ledge".

mswada_mezani
Nimewaelewa. Kwa kuwa wasomaji ni wa pande zote mbili, naanzia wapi?

kalamu_nyekundu
Chagua mwongozo mmoja na kamusi moja, Uingereza au Marekani, usichanganye. Neno lenye utata litafute kwanza kwenye kamusi. Lisipokuwemo ndipo utumie kanuni ya mwongozo. Kila uamuzi uandike kwenye orodha ya kialfabeti na wahariri wote wawili wapewe, la sivyo kila mmoja atarudi kumfuta mwenzake.

mswada_mezani
Na vipimo? Kuna "10-kg bag" kila ukurasa.

mpanga_kurasa
Kifupisho cha kipimo hakichukui kistari: "10 kg bag", yenye nafasi isiyokatika, Ctrl+Shift+Space. Ukiandika kipimo kwa kirefu ndipo kinarudi: "10-kilogram bag". Na vikiwa viwili, "5- and 10-kilogram bags". Kistari cha kwanza kinaning'inia hivyohivyo, mhariri asikifute akidhani ni kosa.